Umetuma albamu 14 na hakuna aliyesikiliza

Mwalimu mmoja wa sekondari, mkaaji wa Katuba hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi:

"Mzee, mimi nasikiliza kila aina ya muziki: Jean-Bosco Mwenda, taarabu ya Zanzibar, jazi ya Marekani, roki ya Zambia, hata muziki wa mashine kutoka Ujerumani. Kila Jumamosi jioni tunakutana kwangu watu watano kula na kuzungumza. Mwezi uliopita niliwatumia wenzangu albamu 14 kwa simu, ndani ya juma moja. Walijibu 'iko muzuri, yaya', basi. Nilipowadodosa, hakuna hata mmoja aliyefika wimbo wa tatu. Shemeji yangu haachi Franco. Rafiki yangu anaimba kwaya, anasema muziki usio na maneno haumgusi. Binamu yangu, fundi wa magari, anataka kitu cha kucheza. Mdogo wangu ni rap tu, asubuhi mpaka usiku. Nimekosea wapi, na nianze na albamu gani?"

Mwalimu, tuanze na hesabu. Albamu ya kawaida ni dakika 40 hivi. Albamu 14 zinapita saa 9. Watu wanaoamka gizani kuwahi kazi, wakirudi jioni bado kuna maji ya kuchota na watoto wa kuogesha, umewapa saa 9 za muziki wasioujua na hukuwaambia waanzie wapi. Waliona lundo. Mbele ya lundo mtu mwenye adabu husema "iko muzuri" na kuendelea na shughuli zake. Hawakukudharau, naomba hilo ulitoe moyoni.

Hata hivyo, hata ungetuma moja tu naona ungekwama, maana ulichagua kwa sikio lako. Ulitazama zile zilizokuliza wewe. Lakini wewe mwenyewe hukuanzia kwenye jazi ya Marekani. Kuna njia uliyoipita, labda ya miaka 10, wimbo mmoja ukikusukuma kwenye mwingine, na njia hiyo hukuwaonyesha. Uliwatua katikati ya mji wasioujua, ukaondoka.

Nimekuwa nikiwachagulia watu muziki tangu enzi za kaseti, kwanza kwenye kibanda kidogo karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, baadaye redioni. Ninachokiamini kuliko vyote katika kazi hii nilifundishwa na mteja. Alikuwa mzee, mstaafu wa kiwandani, mtu wa maneno machache. Alijua kwamba mimi ni mtu wa Bosco, yule Mwenda mpiga gitaa uliyemtaja. Kibandani nilikuwa nikipiga nyimbo za Bosco kutwa, na nilijiona nimemaliza kujua gitaa ni nini. Siku moja aliniachia kaseti isiyoandikwa kitu. Akasema, "Sikiliza kidole gumba. Kesho nitapita uniambie kinafanya nini." Akaenda zake.

Usiku ule nilisikiliza kaseti ile mara tatu. Kesho yake nilimwambia kuna wapigaji watatu: mmoja anatembea chini na besi, mmoja katikati anashikilia wimbo, wa tatu anakimbia juu kama mvua ya mabati. Mzee alinitazama kwa muda. "Ni mtu mmoja," akasema. "Na hakuongeza kitu juu."

Ilikuwa albamu ya Toumani Diabaté wa Mali, iitwayo Kaira, ya mwaka 1988. Anapiga kora peke yake mwanzo hadi mwisho. Kora, kinubi cha kibuyu cha Afrika Magharibi, ina nyuzi 21, na hupigwa kwa vidole vinne tu: gumba na cha shahada vya kila mkono. Gumba moja linabeba besi, la pili linazungusha wimbo, vidole vya shahada vinapamba. Hapo nikaelewa kwa nini mzee alinipa kazi ile. Bosco naye alikuwa mtu wa gumba na shahada. Wimbo wake Masanga, ambao Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliurekodi mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi yetu ya leo, una ujanja huohuo: gitaa moja linalosikika kama mawili kwa sababu gumba halifuati shahada, kila kimoja kina safari yake. Nilirudi kwa Bosco nikamsikia upya. Nilikuwa nimempenda miaka mingi bila kujua nilichokuwa nikipenda.

Tazama alichokifanya mzee yule. Alijua sikio langu lina nini tayari. Akaleta kitu kimoja tu, kutoka mbali, lakini kilicho na undugu na kile nilichokuwa nacho. Akanipa kazi ndogo ya kufanya nikisikiliza, kazi ambayo hata mtoto angeiweza. Na akaweka siku ya kurudi, kwa hiyo nilijua kuna mtu anayesubiri neno langu. Hakuniambia kwamba ni muziki mkubwa, wala kwamba nitaupenda. Ukimwambia mtu "utaipenda hii", umemwekea deni: asipoipenda atajiona ana kasoro, au atakuona wewe huna sikio, na vyote viwili humfanya anyamaze.

Sasa tuje kwa watu wako wanne, maana umenieleza vizuri na naona kila mmoja amesimama mahali pazuri pa kuanzia.

Nianze na fundi, na wewe uanze naye. Binamu huyo amekulia Lubumbashi, kwa hiyo sikio lake linajua karindula hata kama hana jina la kulipa: lile banjo kubwa la pipa lililowambwa ngozi ya mbuzi, mpigaji amelikalia au amelisimamia, nyuzi nne, na kundi linaimba na kucheza mfululizo bila kupumzika. Ipo albamu yake, The Karindula Sessions, iliyotolewa mwaka 2011 na Crammed Discs ya Brussels, na muziki wake ulirekodiwa hapahapa mjini. Usimpe hiyo kwanza. Atakwambia hiyo anaiona bure mtaani, na atakuwa na haki. Mpe Congotronics ya Konono No. 1, ya mwaka 2004, kisha mpe kazi inayomhusu. Mwambie hivi: hawa ni watu wa Kinshasa, wanapiga likembe, ndugu ya kisanji cha huku kwetu. Likembe ni chombo cha sauti ndogo, na katika kelele za mji ule hakingesikika. Mwanzilishi wao, Mawangu Mingiedi, akatengeneza vinasa sauti kwa sumaku zilizotolewa kwenye alternata za magari mabovu. Mkwaruzo mzito unaousikia umetokana na vifaa hivyo, nao wakaukubali ukawa sauti yao. Mwulize fundi: ungeifungaje wewe? Nakuhakikishia mtu ambaye mikono yake imeshika alternata mia atasikiliza albamu ile kwa namna ambayo mimi na wewe hatuwezi. Na kucheza atacheza, maana haiwezekani kukaa kitako.

Baada ya wiki mbili, akiwa bado na hamu, mrudishie karindula. Atasikia undugu wenyewe: watu wenye vyombo vya kujitengenezea, wimbo mmoja unaozunguka na kuzunguka mpaka unakubeba. Na hapo, Mwalimu, ile mashine yako ya Ujerumani inapata mlango. Autobahn ya Kraftwerk, ya mwaka 1974, imejaza upande mzima wa santuri kwa wimbo mmoja wa dakika 22 hivi unaohusu safari ya gari kwenye barabara kuu. Unaanza kwa mlango wa gari kufungwa na injini kuwaka. Usimweleze zaidi ya hapo. Mwache asikie injini. Mwezi uliopita pengine ulimtumia albamu hiyohiyo ikiwa ya sita au ya saba katika lundo. Sasa itamfikia kama jambo la karakana yake.

Rafiki yako wa kwaya ndiye anayenivutia zaidi, kwa sababu amesema jambo la kweli: muziki usio na maneno haumgusi. Usibishane naye. Msogelee kwa maneno.

Anza na Missa Luba. Ni misa ya Kilatini iliyotungwa huku kwetu Kamina, chini ya padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, na wanakwaya wake waliokuwa wavulana wa shule na walimu wao. Walizunguka Ulaya mwaka 1958 na santuri ikatoka kwa Philips. Jambo la kumwambia rafiki yako ni moja: waliporekodi, hakuna sehemu ya misa ile iliyokuwa imeandikwa kwenye karatasi. Mwimbaji anayejua kazi ya mazoezi ya kwaya, sauti ya kwanza mpaka ya nne, atashtuka. Kisha mwambie asikilize Kyrie. Imejengwa kwa namna ya kasala, utenzi ambao Waluba huuimba msibani. Watu wanaomwomba Bwana huruma wanatumia sauti ya matanga. Anayajua maneno, anaijua sauti ile ya kulia, lakini pengine hajawahi kuvikuta vyote viwili mahali pamoja.

Mpe muda. Mwezi, hata miwili. Halafu, akiwa ameizoea, mpelekee A Love Supreme ya John Coltrane. Najua inaonekana mbali. Ilirekodiwa tarehe 9 Desemba 1964, Marekani, saksofoni, piano, besi na ngoma, sehemu nne, dakika 33 hivi. Lakini maneno yamo. Mwisho wa sehemu ya kwanza wanaimba kwa midomo, wakirudia jina la albamu mara nyingi kama kiitikio cha litania. Sehemu ya nne, inayoitwa Psalm, yaani Zaburi, ni yenye ajabu zaidi. Coltrane aliandika sala ndefu, ikachapwa kwenye jalada la santuri. Katika sehemu ile anaisoma sala hiyo kwa saksofoni, silabi kwa silabi. Ukiwa na sala mkononi unaweza kumfuata kwa kidole. Maneno yanayorudi mara kwa mara ni "Asante Mungu", na yanapofika, sauti ya saksofoni inashuka na kutulia.

Hii ndiyo kazi yako, Mwalimu. Tafuta sala ile, itafsiri kwa Kiswahili cha hapa, iandike kwa mkono kwenye karatasi, umpe. Mwambie asikilize Zaburi pekee, akiwa na karatasi, jioni akiwa peke yake. Sijui kama atalia. Mimi nililia. Tangu hapo hatasema tena kwamba muziki usio na maneno haumgusi, kwa sababu atakuwa amejua kwamba pumzi ya mtu kwenye mdomo wa chombo inaweza kubeba maneno. Na akitaka kuendelea, yupo Alice, mke wa Coltrane, na Journey in Satchidananda ya mwaka 1971, wenye kinubi. Lakini hiyo aje kuiomba yeye.

Shemeji wa Franco. Hapa kuna heshima ya kulinda. Mtu aliyekaa na Franco maisha yake yote hana upungufu wowote. OK Jazz, bendi yake ya rumba, ilianza mwaka 1956, Franco akafariki mwaka 1989, na katikati kuna bahari ya nyimbo ambayo mimi mwenyewe sijaifikia pwani ya pili. Usimpe kitu cha kumtoa kwa Franco. Mwendee ukiwa na swali. Mwulize sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, inaanza wapi katika wimbo Mario wa mwaka 1985, na ni nani anayeshika gitaa lipi. Msikilize yeye kwanza. Utajifunza, na yeye ataona kwamba huji kumrekebisha.

Kisha mpe Remmy Ongala, Songs for the Poor Man, ya mwaka 1989. Mzaliwa wa Kindu, mtu wetu wa mashariki, aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978 na kuimba Kiswahili hadi Watanzania wakamhesabu wao. Magitaa yake shemeji atayatambua mara moja, ni lugha ya nyumbani. Kitakachomshangaza ni maneno: kwa Franco anafuata Kilingala, hapa kila neno litamwingia moja kwa moja. Kazi ya kumpa: asikilize gitaa linabadilika nini likifuata Kiswahili badala ya Kilingala. Nina maoni yangu juu ya hilo, ila siyasemi hapa. Nataka nisikie ya kwake kupitia kwako. Kama bado ana njaa, mwambie habari za Orchestra Maquis, vijana waliotoka huku Katanga wakaenda kuitetemesha Dar es Salaam miaka ya 1970. Ukimwonyesha kwamba rumba ilisafiri kwa barabara anazozijua, atatembea nayo.

Cuba unaweza kumfikisha pia, maana tangu mwaka 1933 santuri za Kikuba za mfululizo wa GV ziliingia Kongo na baba zetu wakazisikia kama wimbo uliorudi nyumbani. Buena Vista Social Club ya mwaka 1997 ingefaa. Ila ni ya baadaye.

Mdogo wako wa rap ni rahisi kuliko unavyodhani. Baloji, mwanarap, alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji. Albamu yake 137 Avenue Kaniama, ya mwaka 2018, jina lake ni anwani ya mji huu. Lakini ningeanza na ile ya kabla yake, Kinshasa Succursale, kwa sababu ndani yake kuna milango miwili. Wimbo mmoja, Siku ya Baadaye, umejengwa juu ya Indépendance Cha Cha, ule ambao African Jazz ya Grand Kallé waliurekodi Brussels mwaka 1960 wakati wa mkutano wa Meza ya Duara juu ya uhuru wa Kongo. Wimbo mwingine, Karibu ya Bintou, una Konono No. 1. Unaona kinachotokea? Kijana wa rap anajikuta ameshika wimbo wa shemeji kwa mkono mmoja na alternata za fundi kwa mkono mwingine. Jumamosi ile watatu hao watakuwa na jambo la kuzungumza, na wewe unaweza kwenda jikoni kugeuza bukari, ugali wetu.

Sasa mambo ya vyombo, ambayo watu huyadharau na ndiyo huua albamu nyingi.

Ulituma kwa simu, na walisikiliza kwa spika ya simu. Spika ile ni ndogo kuliko kipande cha sukari, sauti nzito haiwezi kuzitoa. Uzi mnene wa gitaa la besi unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu kabla ya kufika huko imeshanyamaza. Muziki wetu mwingi umesimama juu ya besi. Kumpa mtu Konono kwa spika ya simu ni kumpa nyama ambayo mchuzi wake umemwagwa. Spika za masikioni za bei ndogo ni afadhali mara kumi. Spika kubwa ya kuazima ya Jumamosi ni afadhali zaidi. Na kwa vile umeme una tabia zake, ichajiwe mchana.

Halafu mega. Wimbo uliobanwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde unakula kama mega 1 kwa dakika, kwa kiwango cha 320 unakula karibu mega 2.4. Albamu ya dakika 40 basi ni mega 40 au mega 96. Zidisha kwa 14 na utaona ulichowatoza watu wanaonunua mega za siku kwa siku. Wengine nadhani hawakufungua kabisa kwa sababu hiyo, na wakaona aibu kukuambia. Peleka kwenye flashi. Flashi inatoka mkononi mwako ikaingia mkononi mwake, na katikati mnasemezana. Mimi naona maneno yale mawili matatu ya kupokezana ni nusu ya zawadi.

Na mpangilio wa nyimbo. Enzi za Bosco santuri moja ilibeba dakika tatu kila upande, hakukuwa na safari ndefu ya kupanga. Santuri ndefu ilikuja mwaka 1948, na wanamuziki wakapata dakika 20 na zaidi kwa upande mmoja: wakaanza kufikiri ni wimbo gani ufungue mlango, upi ufunge upande, upi umwamshe mtu akishageuza santuri. Simu haijui hayo. Inapanga kwa herufi, au inachanganya tu. A Love Supreme ikianzia sehemu ya tatu imeharibika. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha, badilisha majina ya faili yaanze na 01, 02, 03, na ufute zile zinazoitwa tu "Track". Andika jina la mwanamuziki na mwaka. Nimeona vijana wanaopenda wimbo miaka mitano bila kujua ni wa nani, kwa sababu mtu wa kwanza aliyeunakili alikuwa na haraka. Linaniuma sana hilo. Mtu alitoa pumzi yake, na jina lake likapotea katika kunakili.

Maadamu tumetaja kunakili: flashi isiwe njia ya kumnyima mwanamuziki haki yake. Msikilizaji akishapenda, mwelekeze mahali pa kununua, hasa ikiwa mwenye muziki yu hai na anategemea nyimbo hizo kwa chakula chake. Changeni watano mnunue moja. Na makundi ya karindula yanayopiga hapa mjini, hao lipeni mkono kwa mkono, palepale wanapopiga.

Umeitaja pia Jumamosi yenu, nami nina neno juu yake. Albamu moja kwa mkutano, tena upande mmoja tu, dakika 20 za kwanza, kabla ya chakula. Watu wenye njaa kidogo husikiliza vizuri, wakishashiba huongea. Asitangulie mtu kueleza historia ndefu. Sema sentensi mbili, ile kazi ya sikio, kisha nyamaza na wewe. Najua itakuwa vigumu kwako, wewe ni mwalimu. Usiwatazame nyuso wakati wimbo unapigwa. Mtu anayetazamwa usoni husikiliza macho yako.

Muziki ukiisha usiulize "mmependa?" Swali hilo lina majibu mawili tu, na kwa watu wenye heshima lina moja. Uliza walisikia nini. Uliza ni wapi walichoka. Nimegundua mahali mtu alipochoka huniambia mengi kuliko mahali alipofurahi. Mwaka mmoja nilimpa jirani In the Heart of the Moon, ya Ali Farka Touré na Toumani Diabaté, ya mwaka 2005, wawili hao wakipiga bila mazoezi katika hoteli moja ya Bamako kando ya mto Niger. Alisema alichoka wimbo wa nne kwa sababu "hakuna anayegombana". Nilifikiri sana neno lile. Alikuwa mtu wa muziki wenye mvutano, magitaa yanayojibizana na kukabana. Nikampelekea roki ya ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, yaani ya Zambia: Lazy Bones!! ya WITCH na Africa ya Amanaz, zote za mwaka 1975, za vijana wa ukanda wa shaba, magitaa yamekwaruzwa mpaka yanatoa moshi. Ndani ya Africa kuna wimbo wa Kibemba, Nsunka Lwendo, na yeye kwao ni Kibemba. Albamu ile hakunirudishia, na sikuidai.

Hapo naona umeipata roki yako ya Zambia, ile uliyoitaja. Ni mali ya kikundi chote. Machimbo ni yaleyale, shaba ni ileile, bei yake ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970 ilianguka pande zote mbili za mpaka. Wazazi wenu wanaweza kuikumbuka miaka hiyo. Iwekeni Jumamosi moja na mwulizane nani ana ndugu Kitwe.

Jambo moja hujalisema katika barua yako, nami nalitafuta tangu mwanzo. Wao wamekupa nini? Watu wanne wanakaa na wewe kila Jumamosi, na katika barua nzima hakuna albamu hata moja uliyoipokea. Shemeji ana Franco wa miaka 33. Mwanakwaya ana nyimbo ambazo hazijawahi kurekodiwa popote. Mdogo wako anajua vijana wa rap ambao mimi na wewe hatujawasikia, na fundi bila shaka ana wimbo anaoupiga gereji wakati injini inapokataa. Zamu ziwe tano. Yako iwe ya tano. Kila mtu alete albamu moja na kazi moja ya sikio, na wewe ukae ufanye kazi uliyopewa, kwa dakika 20, bila kukatiza. Ikifika zamu yako watakuwa wanakusubiri.

Kwa hiyo Jumamosi hii usipige kitu. Mwambie fundi aje na wimbo wake wa gereji, uusikilize, na akiondoka mpe flashi yenye Konono peke yake, faili zimepangwa, na swali la alternata.

Nami nina ombi. Umetaja taarabu ya Zanzibar, na hiyo ni sehemu ambayo sikio langu limekaa mlangoni bila kuingia: najua jina la Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili, na najua sauti ya Bi Kidude, lakini sijakaa na albamu moja mpaka mwisho. Mimi ni mtu wa gumba na shahada, hilo unalijua sasa. Nichagulie moja, uniambie nisikilize nini ndani yake. Nina dakika 40 kila Jumapili baada ya misa, na Jumatatu nitakuandikia nilipochoka.